Kuanza kuendesha baiskeli milimani Usambara: mwongozo kwa mnaotoka bondeni

Msimu wa kipupwe ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Baiskeli yangu hii inatosha? Nianzie wapi? Lazima niwe na mtu wa kuniongoza? Na lile la nne, ambalo mtu huliuliza akiwa ameshafika Lushoto na vidole vimekufa ganzi: mbona breki hazishiki? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, atakayeuliza tena nimtumie huu.

Jambo moja kwanza. Kupanda mlima hakumuumizi mtu. Ukichoka unashuka, unasukuma, na watakaokucheka ni watoto tu. Kinacholeta majeraha ni kuteremka, na Usambara ya Magharibi ina miteremko ya kutosha: Mombo pale barabara kuu iko bondeni kabisa, Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukienda Magamba unavuka 2,000. Kwa hiyo nitaongea sana juu ya breki na kona, na kidogo tu juu ya nguvu za miguu.

Wengine huuliza kama kuna uwanja wa baiskeli za milimani, kama ule wa Whistler kule Kanada au BikePark Wales iliyofunguliwa mwaka 2013 pale Merthyr Tydfil. Kule gari au kiti cha kamba kinakupandisha na baiskeli yako, vijia vimechongwa kwa ajili yako, na kila kijia kina rangi inayokuambia ugumu wake. Usambara hakuna mambo hayo. Vijia ni vya watu: vya kwenda shambani, shuleni, sokoni, kuchota maji. Hakuna aliyekupimia kona, na nyuma ya kona yoyote anaweza kuwepo mtu, mbuzi, au mtu na mbuzi wake. Kama hilo linakuudhi, Usambara haikufai.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

Baiskeli. Si lazima iwe ya bei mbaya. Lazima iwe na gia, na gia nyepesi kuliko zote iwe nyepesi kweli: meno madogo mbele, meno makubwa nyuma. Tairi ziwe pana, inchi 2.1 au zaidi, zenye meno. Shokapu za mbele zinasaidia sana mikono. Za nyuma ni anasa kwa anayeanza. Baiskeli ya kawaida ya gia moja, ile ya kubebea gunia, wenyeji wanaiendesha huku na wanaiweza. Wewe bado.

Breki za diski ndizo ninazopendekeza. Za mpira unaobana rimu zitakufikisha pia, ila ujue udhaifu wake, nitauelezea mbele kidogo.

Mengine:

- Kofia ngumu, na glavu. Ukianguka, kiganja ndicho hutangulia.
- Pampu, tyubu mbili za saizi yako, viraka na gundi, wenzo wa kutolea tairi.
- Alenki, kikatio cha mnyororo na kiungo kimoja cha akiba. Ukiweza kupata hanga ya akiba, kile kipande kidogo kinachoshikilia gia za nyuma kwenye fremu, ibebe. Kila fremu ina ya kwake, na madukani Lushoto huwezi kutegemea kuikuta.
- Pedi za breki za akiba. Hizi watu husahau, halafu wanajuta.
- Maji lita mbili, sweta, koti la mvua. Ndiyo, sweta. Juni na Julai usiku wa Lushoto si wa fulana.
- Pesa taslimu za noti ndogo, ramani iliyopakuliwa kwenye simu, taa, na bandeji.

Kama huna baiskeli, za kukodi zipo Lushoto mjini kupitia waongoza wageni na baadhi ya nyumba za wageni. Ikague kama unayeinunua. Usiambiwe "ni nzima, bosi" ukaridhika.

Hatua kwa hatua

1. Chagua wakati. Juni hadi Septemba ni pakavu na baridi, na ndio wakati bora. Januari na Februari pia panafaa. Masika, Machi hadi Mei, kaa nyumbani. Udongo mwekundu wa huku ukilowa unateleza, halafu unanata kwenye tairi mpaka gurudumu haliingii kwenye fremu. Vuli, kuanzia Oktoba, ni bahati nasibu. Na kuna jambo la adabu: tairi kwenye njia iliyolowa inachimba mfereji, mvua inayofuata inaupanua, na anayebaki nao ni mama anayepita hapo kila siku akiwa amebeba mzigo kichwani.

2. Fikisha baiskeli juu kwa gari. Kuna mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Ukitokea Moshi au Arusha, shuka Mombo upande gari la Lushoto. Toa gurudumu la mbele, laza baiskeli kwenye buti upande wa gia ukiwa juu, na msimamie kondakta mpaka buti lifungwe. Kama breki zako ni za diski za mafuta, chomeka kipande cha boksi gumu katikati ya pedi kabla hujatoa gurudumu, na mtu yeyote asiminye breki gurudumu likiwa nje. Akiminya, pedi zitakutana na utazipambanua kwa bisibisi stendi huku watu wamekuzunguka wakikupa ushauri.

Kosa la kawaida hapa ni ushujaa: mtu anashuka Mombo na kuanza kupanda Lushoto siku ya kwanza. Ni kilomita 33 hivi na kupanda karibu mita 1,000, kwenye lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ikiwa na mabasi na malori ya mboga. Utafika umekwisha, na siku yako ya pili imeharibika.

3. Kagua na kurekebisha kabla ya kupanda juu yake. Fanya haya asubuhi, baiskeli ikiwa imesimama:

- Minya breki ya mbele na usukume baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linyanyuke. Fanya hivyo na ya nyuma. Gurudumu liburuzike bila kuzunguka.
- Jua mkono upi unashika breki ya mbele. Baiskeli za mitumba hutoka kila upande wa dunia: nyingi za Ulaya bara zina breki ya mbele mkono wa kushoto, za Uingereza na Japani mkono wa kulia. Ukidhani kinyume, utajua katika mteremko wa kwanza, na utajulia hewani.
- Shika breki ya mbele, tikisa usukani mbele na nyuma. Ukisikia mgongano, kichwa cha usukani kimelegea, kaza.
- Hakikisha vishikizo vya magurudumu vimefungwa barabara.
- Upepo: kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi za tyubu, anza na PSI 30 nyuma na 28 mbele (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi). Mafundi wengi wa mjini watakujazia mpaka tairi iwe jiwe, maana ndivyo inavyotakiwa kwa kubeba gunia. Milimani tairi ngumu inaruka juu ya kila kokoto. Punguza.
- Vishikio vya breki viinamishe kidogo, ili kidole kimoja kivifikie bila kukunja kifundo cha mkono.

4. Siku ya kwanza nenda Irente, basi. Kutoka Lushoto mjini mpaka kwenye ukingo wa Irente ni kilomita tano au sita za barabara ya vumbi isiyo kali. Ukifika, bonde liko chini yako, tambarare za Mazinde na nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Shuka kwenye baiskeli mapema, usiisogeze kwenye ukingo kwa ajili ya picha. Njiani kuna shamba la Irente wanakouza mkate, jibini na jamu. Safari hii inahesabika pia kama chakula cha mchana.

Tahadhari ya barabara hii, na naomba uizingatie kuliko zote: pale Irente kuna shule ya wasioona. Wanafunzi hutembea barabarani, wengine wameshikana mikono, wengine peke yao na fimbo. Baiskeli nzuri haina sauti. Piga kengele ukiwa mbali, punguza mwendo mpaka wa kutembea, na ongea: "Habari zenu, baiskeli inapita kulia kwenu." Usipite kimyakimya ukidhani umewasaidia kwa kutowasumbua.

Wakati wa kurudi tumia sehemu iliyonyooka kujifunza breki. Enda taratibu, minya ya nyuma peke yake, uone inavyoburuzika bila kusimama. Kisha minya zote mbili kwa kidole kimoja kila upande, polepole, huku unasogeza makalio nyuma. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa sehemu kubwa. Anayeiogopa anaburuza gurudumu la nyuma kila kona, na anayeiminya kwa ghafla anapitiliza juu ya usukani. Rudia mpaka mkono uzoee bila kufikiri.

5. Jifunze kupanda bila kufa. Badilisha gia kabla ya mlima, si ukiwa katikati umesimama juu ya pedali. Hapo ndipo minyororo hukatikia. Kaa kwenye kiti, sogea mbele kidogo, inamisha kifua. Gurudumu la mbele likianza kuelea, inama zaidi. La nyuma likiteleza, rudisha uzito nyuma. Hewa huku ni nyepesi kuliko Tanga mjini, utahema, ni kawaida. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, punguza.

6. Jifunze kuteremka. Hapa usifanye haraka.

Simama juu ya pedali, zote mbili zikiwa sawa, moja mbele na moja nyuma. Ile tabia ya kuacha mguu mmoja uning'inie chini itagonga jiwe. Visigino chini, magoti yamelegea, viwiko vimepanuka, makalio nyuma ya kiti. Kiti ukishushe kabla ya mteremko mrefu; inchi mbili tatu zinatosha kukupa nafasi.

Macho yaangalie mbele, mahali utakapokuwa baada ya sekunde mbili au tatu. Ukilikodolea jiwe, utaligonga.

Punguza mwendo kabla ya kona, halafu achia breki ukiwa ndani ya kona. Wengi hufanya kinyume: wanaingia kasi, wanaogopa, wanaminya katikati, na tairi inakimbia. Kwenye changarawe hilo halina msamaha.

Vijia vya Usambara vinakatwa na mifereji ya maji ya mvua na ya umwagiliaji. Ivuke ikiwa imekukingama, usiufuate mfereji kwa pembe. Mizizi iliyolowa ni vivyo hivyo: nyooka, usiminye breki juu yake, usikate kona juu yake.

Kanuni ya mwendo ni moja, nayo inatosha: uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Ukiona mita tano, mwendo wako uwe wa mita tano.

7. Kutana na watu vizuri. Mwenye miguu ana haki ya njia, mwenye mzigo zaidi. Mzigo wa kuni hubebwa kichwani umekingama, na mara nyingi ni mpana kuliko kijia chenyewe. Ukiona unakuja, shuka, beba baiskeli upande wa mlimani, simama, amkia. Usisimame upande wa bonde. Ncha ya ukuni ikikugusa, huna pa kukanyaga. "Shikamoo, mama," halafu subiri apite kabisa. Ng'ombe na mbuzi vilevile, ila kwao mwulize mchungaji upite upande gani.

Watoto watakufuata wakiomba lifti, na mmoja atashika kiti kwa nyuma. Simama kwanza, ongea nao. Usiongeze mwendo mtoto akiwa ameshika.

8. Siku ya pili au ya tatu, Magamba. Hifadhi ya msitu wa Magamba iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Pata kibali na mwongozaji mjini, siku moja kabla. Hili ndilo jibu la swali la mwongozaji: kwenye barabara ya Irente humhitaji, msituni na kwenye vijia vya mashambani, mchukue. Msituni kuna barabara za zamani za magogo zinazoachana na kukutana, ukungu ukishuka asubuhi zote zinafanana. Na mashambani mwongozaji ndiye anayejua kijia kipi kinaishia uani kwa mtu.

Msitu ni wa baridi, majani yameoza njiani, chini yake kuna mizizi. Enda mwendo wa mbega wanaokuangalia juu ya miti, yaani bila haraka. Sweta livaliwe unapoteremka, si unapopanda.

9. Ukiwa tayari, Mtae. Barabara ya kutoka Lushoto kupitia Magamba na Lukozi mpaka Mtae ni kilomita 60 na ushei za kupanda na kushuka bila huruma. Igawe siku mbili. Watembeao kwa miguu hulala Rangwi kwa masista, nawe unaweza. Piga simu kabla. Lukozi ni mahali pa kujaza maji na kula. Ni soko la mboga, malori ya kabichi, viazi na karoti hupakia hapo, kwa hiyo tegemea vumbi na madereva wenye haraka. Ukifika Mtae, kijiji kimekaa kwenye ncha ya mlima, bonde pande mbili. Makande ya moto na usingizi.

Kurudi, weka baiskeli juu ya basi. Si aibu. Uliza jioni basi linaondoka saa ngapi, maana hujibiwa saa za usiku ambazo mtu wa mjini hazijui.

10. Mteremko wa Soni, wa mwisho kabisa. Ni ile barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, na kila mtu anautaka: lami, kona, korongo, maporomoko ya maji ya Soni, kisha joto la Mombo linakupiga usoni. Ufanye asubuhi, siku kavu, ukiwa umeshajua breki zako.

Kaa kushoto, usikate kona hata kama mbele unaona patupu. Mabasi yanapanda yakichukua barabara nzima kwenye kona kali, na mawe huanguka kutoka ukutani. Usishikilie breki muda wote. Minya kwa nguvu, achia, minya, achia, ukibadilishana mbele na nyuma. Breki ikishikiliwa mfululizo inachemka: ya diski inanuka kama kitu kinachoungua na kishikio kinaanza kulegea, ya rimu inapasha rimu yenyewe, gundi ya kiraka inaachia, na tyubu inapasuka ukiwa mwendo kasi. Simama Soni hata kama hujachoka. Kunywa chai, acha breki zipoe, usiguse diski kwa kidole.

Mambo yakiharibika

*Tyubu inatoboka kila mara.* Iangalie. Matundu mawili yaliyokaribiana sambamba ni upepo mdogo, rimu imeibana tyubu kwenye jiwe. Ongeza PSI 3 au 4. Tundu moja ni mwiba, na bado umo: pitisha vidole ndani ya tairi taratibu kabla hujaweka tyubu mpya.

*Tairi limechanika ubavuni.* Weka kipande cha tyubu ya zamani au pakiti ya biskuti iliyokunjwa kati ya tairi na tyubu. Itakufikisha mjini.

*Kishikio cha breki kinafika kwenye usukani.* Kama umetoka kwenye mteremko mrefu, ni joto. Kaa dakika 20. Kama asubuhi baiskeli ikiwa baridi ni vilevile, kuna hewa kwenye mafuta au pedi zimekwisha. Badilisha pedi. Kama ni hewa, usiteremke nayo, tafuta gari. Za waya, kaza waya.

*Breki zinapiga kelele.* Zimelowa au zina vumbi. Minya kidogo kidogo mpaka zikauke. Zikilia na pia hazishiki, zimepata mafuta, pengine umepulizia mnyororo ovyo. Pedi hizo tupa.

*Gia zinaruka.* Tazama kwa nyuma kama mkono wa gia umenyooka wima na mnyororo. Ukiwa umepinda baada ya kuanguka, usiingize gia nyepesi kuliko zote. Mkono utaingia kwenye spoku na kuvunja vyote. Tumia gia za katikati mpaka kwa fundi.

*Mnyororo umekatika.* Toa kiungo kilichoharibika, unga kwa kiungo cha akiba. Mafundi wa baiskeli wapo kwenye vituo vingi, na mnyororo wanaujua. Diski za mafuta wengi hawazijui, na ni afadhali asizifungue.

*Vidole vina ganzi, mikono inawaka.* Unaukaba usukani. Legeza, shusha uzito kwenye miguu, pumzika kila baada ya dakika chache za mteremko.

*Ukungu, hujui uko wapi.* Simama. Rudi ulikotoka mpaka njia panda ya mwisho unayoikumbuka, usikate porini kufuata sauti. Ukikutana na mtu, usimwulize "hii inaenda Lushoto?" kwa sababu kwa ukarimu anaweza kukuitikia tu. Mwulize "hii inaenda wapi?"

*Mtu ameanguka na amegonga kichwa.* Hata kama anasema yuko sawa, haendeshi tena siku hiyo. Kofia iliyopasuka haivaliwi tena. Namba ya dharura ni 112, na hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini. Lakini kutoka vijijini bodaboda au gari la kijiji ndilo litakalofika kwanza. Ndiyo maana nilisema noti ndogo.